Jicho la paka kwenye jiwe: linatoka wapi na kwanini watu wanalilipia

Ukipita Mwanjelwa, sokoni pale Mbeya, kwa wale wanaopanga pete, cheni na saa kwenye meza lazima utakutana na pete zenye kijiwe cha mviringo, kijani kibichi, bluu, pinki, katikati kuna mstari mweupe unaokimbia kila ukigeuza mkono, na muuzaji anakwambia hilo ni jicho la paka bana, lina bahati, afu anakutajia bei ya sahani ya chipsi na soda. Sasa panda basi mpaka Songea, unganisha Tunduru, kaa na madalali wa mawe pale wakuzoee, utaonyeshwa kijiwe cha rangi ya asali kilichofungwa kwenye karatasi, nacho kina mstari ule ule unakimbia vile vile, nacho kinaitwa jicho la paka, ila hapo bei inatajwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Jina moja, mstari mmoja. Na ukiviweka pamoja mbele ya mtu asiyejua mawe atachagua cha Mwanjelwa, maana kinawaka zaidi.

Kwahiyo kabla ya kuongelea bei au bahati inabidi tujue hilo jicho ni kitu gani hasa.

Wengi wanadhani ni mchirizi wa rangi uliopita katikati ya jiwe. Geuza pete uone, mstari unahama, na mchirizi wa rangi ungebaki palepale. Kinachohama ni mwanga. Ndani ya jiwe kuna sindano, nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana, maelfu kwa maelfu, zote zimelala upande mmoja sambamba, na mawe mengine badala ya sindano yana vitundu virefu vyembamba vitupu ila kazi ni ile ile. Mwanga ukigonga kitu chembamba kirefu namna hiyo haurudi kwa njia moja kama unavyorudi kwenye kioo cha kujitazama, unasambaa kulizunguka hilo sindano, unafunguka kuelekea ubavuni mwake na sio kwa kufuata urefu wake. Sindano moja inakupa nukta ya mwanga. Maelfu yakilala pamoja yanakupa maelfu ya nukta zilizojipanga, nazo zikijipanga zinakuwa mstari, na huo mstari siku zote unakatiza sindano, yani kama sindano zimelala mashariki magharibi basi jicho litasimama kaskazini kusini. Ukitaka kuliona hili bila jiwe nenda kwa fundi cherehani uangalie rola ya uzi wa kung'aa, nyuzi zinaizunguka rola kwa ulalo lakini mng'ao unasimama wima, na ukiizungusha rola mng'ao unabaki umekukazia macho.

Ila sindano peke yake haitoshi. Chukua jiwe lenye sindano nzuri ulikate bapa juu, utapata mng'ao uliotawanyika jiwe zima, hakuna jicho. Lazima likatwe mgongo wa kuba, mafundi wanaita kabashoni, laini juu bila nyuso zile za kumetameta. Kwenye kuba kila sehemu ina mwinamo wake, na ni sehemu moja nyembamba tu ambayo mwinamo wake unaupeleka mwanga mpaka kwako unayetazama, afu huo mgongo wenyewe unafanya kazi ya lenzi, unaukusanya mwanga ubane. Mgongo ukiwa mrefu wa kutosha jicho linakuwa jembamba na kali, ukiwa bapa jicho linakuwa pana, limelegea. Ndo maana mtu akikuonyesha jiwe bichi toka shimoni akakwambia hili lina jicho, anachokuonyesha ni matumaini, jicho bado halijazaliwa, litazaliwa kwenye mashine ya kukatia.

Afu kuna suala la taa ambalo watu wanalipuuza sana. Jicho linataka chanzo kimoja cha mwanga, jua la wazi au tochi. Mwanga ukija toka kila upande kwa pamoja, sindano zinarudisha mwanga kila upande, mstari unafifia. Sisi watu wa Mbeya hili linatuhusu, maana asubuhi ya ukungu pale Uyole, au Tukuyu ambako mawingu ndo wenyeji, unaweza kushika jicho la paka la maana kabisa ukaona kijiwe cha kahawia kisicho na habari. Dalali mzoefu hakuonyeshi jiwe nje siku hiyo, anatoa tochi mfukoni. Na wewe mnunuzi fanya kinyume chake pia, baada ya tochi liangalie jiwe hilo hilo kwenye mwanga wa kawaida wa dirishani, kwasababu utalivaa huko na sio chini ya tochi.

Tuje kwenye jiwe lenyewe sasa, lile la Tunduru. Linaitwa krisoberili, ni beriliamu, alumini na oksijeni, basi. Tatizo ni kwamba beriliamu ni adimu ardhini, na hata ikipatikana kawaida inakutana na silika, yani silikoni na oksijeni, ambayo imejaa kila mahali, wanaungana kuwa berili, huo ndo ukoo wa zumaridi na akwamarini. Ili upate krisoberili inabidi beriliamu iangukie sehemu yenye alumini nyingi na silika isiyotosha, na hiyo haitokei kila siku. Likishaumbika ni jiwe gumu kweli, 8.5 kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ni 10 na safaya ni 9, na ni zito, mara 3.7 ya maji hivi. Ugumu na uzito ndo unaoeleza kwanini linapatikana mtoni, miamba iliyolizaa ilishaoza na kubomoka zamani sana, maji yakabeba mchanga mwepesi yakaacha vitu vizito vigumu kwenye changarawe, ndo hiyo changarawe inayochekechwa Tunduru kwenye mto Muhuwesi na mikono yake tangu ule mlipuko wa biashara ya mawe wa katikati ya miaka ya 1990, walivyofika wanunuzi toka Thailand na Sri Lanka na mji ukabadilika. Humo humo unaokota safaya, spineli, garneti, turmalini, krisoberili ya kawaida, na kwa bahati krisoberili yenye sindano.

Sindano zenyewe kwenye krisoberili mara nyingi ni rutaili, yani titani na oksijeni, wenyewe wanaita hariri. Jiwe linapoumbika kwenye joto kali titani kidogo inajichanganya ndani bila shida, joto likishuka taratibu jiwe linashindwa kuendelea kuibeba, titani inajitoa, na inapojitoa haijitoi ovyo, inafuata mistari ambayo mpangilio wa fuwele unairuhusu. Kwenye krisoberili inafuata mwelekeo mmoja, unapata jicho. Kwenye safaya na rubi inafuata mielekeo mitatu inayokatana kwa nyuzi 60, unapata mistari mitatu, ndo ile nyota ya miale sita. Kwahiyo nyota na jicho ni ndugu wa tumbo moja. Na angalia mambo yalivyo, kwenye mawe ya kukatwa nyuso hariri ni uchafu, mtu analia bei imeshuka kwasababu jiwe limejaa hariri, kumbe hapa uchafu ndo bidhaa. Ukipungua jicho linakuwa hafifu, ukizidi jiwe linakuwa tope halipitishi mwanga, na hicho kipimo cha katikati hakuna mtu anayekipanga.

Krisoberili sio jiwe pekee lenye tabia hii. Turmalini inayo, apataiti inayo, skapolaiti, silimanaiti, akwamarini, kwatsi, yani jiwe lolote likipata sindano sambamba za kutosha na fundi mzuri litafanya jicho. Hapo ndo wizi mwingi wa kistaarabu unapopitia. Kwenye biashara ya vito ukisema jicho la paka bila kuongeza neno, unamaanisha krisoberili. Mengine yote lazima yatajwe kwa jina, turmalini ya jicho la paka, kwatsi ya jicho la paka. Mtu akikuuzia kwatsi akasema tu "jicho la paka" hajasema uongo wa moja kwa moja, lina jicho kweli, ila amekuacha ukadhani ni lile lingine, na tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni ya kununulia bodaboda.

Kwenye kundi hili lipo pia jicho la simbamarara, lile la kahawia na dhahabu lenye mistari mistari, shanga zake zimejaa kila mji. Hilo ni kwatsi, mengi yanatoka Northern Cape kule Afrika Kusini, ni zuri na ni rahisi, sioni shida mtu kulivaa akijua alichonunua. Ndani yake kuna nyuzi za krosidolaiti, ambayo ni ile asbesto ya bluu, na kwa zaidi ya miaka mia wataalamu waliamini kwamba kwatsi iliingia ikala asbesto taratibu ikachukua umbo lake. Mwaka 2003 Peter Heaney na Donald Fisher wa Pennsylvania State University wakaliangalia upya kwa darubini wakasema hapana, mwamba ulikuwa unapasuka kidogo, kwatsi na nyuzi zinaota pamoja kuziba ufa, unapasuka tena, zinaota tena. Zile nyuzi zikibaki bluu linaitwa jicho la mwewe, chuma chake kikipata kutu ndo rangi ya dhahabu inakuja. Likishasuguliwa na kuvaliwa halina madhara, vumbi lake ndo la kuogopa, hilo nitalirudia kwa wakataji.

Sasa krisoberili yenye jicho ina michezo miwili ambayo wanunuzi wakubwa wanaitafuta. Wa kwanza unaitwa maziwa na asali. Shika jiwe, leta tochi kwa ubavuni, nusu moja ya jiwe itakaa na rangi yake ya asali na nusu ya pili ng'ambo ya mstari itakuwa nyeupe ya maziwa, ukilizungusha jiwe nusu zinabadilishana. Hiyo inatokea kwasababu upande mmoja unaona mwanga uliorudishwa na sindano na upande mwingine unaona mwanga uliopita katikati yake. Mchezo wa pili ni tochi mbili, moja kushoto moja kulia, kila tochi inatengeneza mstari wake, ukizungusha jiwe taratibu mistari inaachana afu inakutana tena, inaachana inakutana, na hapo kwa kweli hata kama ni mtu mgumu utarudi nyuma kidogo, maana jiwe linafumba na kufumbua.

Na juu ya hayo yote ipo alex yenye jicho. Alex ni krisoberili iliyopata kromu kidogo, iligunduliwa milima ya Ural kule Urusi miaka ya 1830 ikapewa jina la Alexander aliyekuja kuwa mfalme wao wa pili kwa jina hilo, na sisi tunayo Manyara na Tunduru. Mchana ni ya kijani, kwenye moto au glopu ya waya ni nyekundu. Ikiwa na sindano pia, unakuwa na jiwe linalobadilika rangi na lina jicho. Ushauri mdogo hapa, taa za siku hizi za LED nyeupe hazionyeshi huo wekundu sawasawa, watu wamekataa alex halisi dukani kwasababu ya taa. Subiri umeme ukatike uwashe mshumaa, au tafuta glopu ya zamani.

Tukitoka kwenye mwanga tunaingia kwenye maana, na huku ndiko pesa nyingi inakotoka, tusidanganyane.

Soko kubwa la jicho la paka kwa karne nyingi limekuwa India na Sri Lanka, na wanaolitafuta hawatafuti urembo kwanza. Kwenye unajimu wa Kihindi kuna sayari tisa na kila moja ina jiwe lake, rubi ni la jua, lulu ni la mwezi, safaya ya bluu ni la Zohali, na kadhalika, na jicho la paka ni la Ketu. Ketu sio sayari unayoweza kuiona. Hadithi inasema miungu walikoroga bahari wakapata kinywaji cha kutokufa, jitu moja linaitwa Svarbhanu likajigeuza likakaa kwenye foleni ya miungu likanywa, jua na mwezi wakaliona wakasema kwa Vishnu, mmoja wa miungu wakubwa, naye akalikata kichwa. Lakini lilikuwa limeshakunywa. Kwahiyo kichwa kikabaki hai kinaitwa Rahu na kiwiliwili kikabaki hai kinaitwa Ketu, na mpaka leo vinawafukuza jua na mwezi kulipa kisasi, vikiwakamata ndo jua linapatwa.

Unaweza kucheka ila ndani ya hadithi hiyo kuna hesabu. Njia ya mwezi angani na njia ya jua zimeinamiana kidogo, zinakatana sehemu mbili tu, na kupatwa kwa jua hakutokei mpaka mwezi mwandamo uangukie karibu na moja ya sehemu hizo. Rahu ni ile ambayo mwezi unapanda, Ketu ni ile ambayo mwezi unashuka. Wale waliokuwepo Rujewa tarehe 1 Septemba 2016, siku ambayo Mbarali ilijaa watu toka kila kona ya nchi na wageni na vyombo vyao wakiangalia jua likibaki pete tu, waliona jambo hili kwa macho. Kwa hesabu za wanajimu ile ya Rujewa ilikuwa ya Rahu, sio ya Ketu, na jiwe la Rahu ni hesonaiti, ile garneti ya rangi ya chungwa iliyoiva. Kwahiyo kama kuna mtu aliuza jicho la paka siku ile kwa kusingizia kupatwa kwa jua, alikosea jiwe.

Kitu kinachonifurahisha mimi ni hiki, Ketu ni mwili usio na kichwa, hana macho, na katika mawe yote duniani akapewa lenye jicho. Sijui nani aliliwaza hilo zamani hizo lakini alikuwa na akili. Wanaoliamini wanasema linakinga hasara ya ghafla, maadui wa siri, na nguvu za giza, na wanajimu wenyewe wanaonya lisivaliwe ovyo bila kupigiwa hesabu. Sri Lanka nako lilivaliwa kama kinga ya mashetani. Na huku kwetu wazo la jicho kukinga jicho wala sio geni, mtu anaogopa kijicho na husuda za majirani, anatafuta hirizi, sasa ukimletea jiwe linalotazama huku na huku hata ukilala hauhitaji kumshawishi sana. Ndo maana yale matangazo ya kwenye nguzo za umeme, mganga toka Sumbawanga, pete ya bahati, anarudisha mpenzi, anavuta pesa, pete yenyewe mara nyingi utakuta ina mstari katikati. Mi mambo ya nyota na pete za kuvuta pesa siamini, lakini soko linaamini, na imani ndo iliyolifanya jiwe hili lisiwe na msimu mbovu.

Ulaya lilipanda kwa sababu nyingine, mapenzi ya wakubwa. Prince Arthur, mtoto wa tatu wa kiume wa Malkia Victoria, alimchumbia Louise Margaret wa Prussia kwa pete ya jicho la paka, wakaoana mwaka 1879, na kila mwenye pesa London akataka la kwake, bei ikaruka.

Na paka mwenyewe? Paka wa kweli mchana mboni yake inabana inakuwa mstari mweusi uliosimama, na kinachong'aa usiku ukimulika ni tabaka lililo nyuma ya jicho linalorudisha mwanga nje. Kwenye jiwe mstari ndo unaong'aa na pembeni ndo giza. Kwahiyo jiwe limegeuza paka, kilicheusi limekifanya cheupe, na bado hakuna mtu anayelitazama akafikiria mnyama mwingine.

Turudi Mwanjelwa. Zile pete za rangi kali ni kioo. Kiwandani wanachukua nyuzi nyembamba za kioo, wanazibana pamoja kwa joto zinakuwa tofali moja, wanalikata vipande vya mgongo wa kuba. Sindano sambamba zipo, tena sambamba kuliko za asili, ndo maana jicho lake ni kali kupita kiasi, limenyooka kama limechorwa kwa rula. Lijue hivi, chukua lupu, ile lenzi ndogo ya kukuzia, ya mara 10 uangalie ubavuni, kwenye ncha za nyuzi, utaona vijumba vijumba vimepangana pembe sita kwa sita kama sega, krisoberili haina kitu hicho. Rangi nayo inasema, krisoberili inakaa kwenye asali, njano ya kijani, kijani ya mzeituni, kahawia, ukiambiwa jicho la paka la pinki la kung'aa shukuru na uendelee na safari.

Kuitenga na kwatsi tumia uzito, na hapa ndugu zetu wa Chunya hawahitaji kufundishwa maana dhahabu wanaipima hivi hivi. Pima jiwe likiwa kavu, pima tena likiwa limening'inia ndani ya maji bila kugusa chombo, toa uone limepungukiwa kiasi gani, afu gawa uzito wa kwanza kwa hilo pungufu. Jiwe la gramu 3.7 likipungukiwa gramu 1 hivi upo kwenye krisoberili, la gramu 2.65 likipungukiwa gramu 1 hiyo ni kwatsi. Kioo usikipime kwa njia hii ukaridhika, kuna kioo chepesi na kioo kizito, kioo kimalize kwa lupu. Na tafadhali usikwaruze jiwe la mtu kwa msumari eti unapima ugumu.

Tahadhari nyingine ambayo haisemwi sana, mwaka 1997 kule Bangkok yalikutwa sokoni majicho ya paka ya kahawia iliyokolea ambayo yalikuwa yamepigwa mionzi ili kubadilisha rangi, na mionzi ilikuwa bado imo ndani. Sio jambo la kukunyima usingizi, ila kama pesa ni kubwa jiwe lipite maabara kwanza, Kituo cha Jemolojia Tanzania kipo Arusha, na masoko ya madini yaliyoanzishwa kuanzia 2019 yamepunguza ile biashara ya kukutana chini ya mwembe, japo hata sokoni macho ni yako. Na usitegemee kwamba kuna bei ya siku. Dhahabu ya Chunya ina bei ya siku, unapima, unajua usafi wake, unazidisha, mmemaliza. Jicho la paka mnatazama vitu vingi kwa mkupuo, mstari upo katikati au umeegemea, umenyooka au umepinda, umefika ncha zote mbili au umekata njiani, rangi imekaa vipi, maziwa na asali yapo, jiwe linapitisha mwanga kiasi gani, na kwa madalali wawili wenye akili timamu mmoja anaweza kutaja bei mara mbili ya mwenzake.

Geuza jiwe pia uangalie kitako. Hii ni hila ya zamani sana, fundi anaacha tumbo nene chini ya jiwe, halijasuguliwa, halina kazi yoyote kwenye jicho ila lina karati. Unauziwa karati tano, tatu ndo zinafanya kazi, mbili zimekaa ndani ya pete hazionekani na pengine haziingii hata kwenye kikombe cha sonara. Kitako kisichosuguliwa peke yake sio kosa, wengi wanaacha hivyo makusudi, unene wa kijinga ndo kosa.

Mwisho niseme na wale wenye jiwe bichi mkononi, maana nakutana nao, mtu ana jiwe la njano limejaa ukungu ndani anataka kulitupa kwasababu mnunuzi wa mawe ya nyuso amelikataa. Usilipasue. Lilowanishe maji au paka mafuta kidogo, lipige tochi toka juu, lizungushe taratibu. Ukiona mng'ao unaelea kama mkanda na unahama ukilizungusha, kuna sindano. Kazi ya fundi ni kujua sindano zimelala wapi, kitako kikatwe sambamba na sindano, na kama jiwe linatoka yai basi urefu wa yai ukatize sindano ili jicho lipite kwa urefu. Kitako kikiinama hata kidogo jicho linahamia ubavuni na hakuna dawa zaidi ya kukata upya na kupoteza karati. Fundi mzuri anakata kidogo, analowanisha, anapiga tochi, anakata tena, na ukimwona anaenda moja kwa moja kwenye mashine bila kushika tochi chukua jiwe lako uondoke. Afu wakataji wa vyumbani, iwe kwatsi ya kawaida, iwe jicho la simbamarara lenye nyuzi zake za asbesto, kata na maji yanatiririka, funga barakoa ya maana na sio kile kitambaa, futa meza kwa kitambaa kibichi usifagie, na watoto wasicheze humo ndani, kwasababu vumbi la silika likishakaa kwenye mapafu halitoki.